Turubai Huruka Kabla ya Kuanguka

Nakusalimu wewe uliye Rulenge ambaye ndiyo kwanza umerudi shamba, wewe uliye Kabanga mpakani unayefunga hesabu za siku, wewe dereva uliyelaza lori Benaco ukisubiri kukuche uvuke Rusumo, na wewe mama wa Nyakahura, Lusahunga au Nyakanazi ambaye duka lako lote liko chini ya mwavuli mmoja. Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu kitu ambacho kila mmoja wetu amewahi kukaa chini yake, nacho ni turubai. Nataka tuzungumze namna ya kulifunga ili upepo usilichukue.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika. Katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo, chini ya turubai ndiko tunakozikana na ndiko tunakooana. Mahafali ya watoto yanafanyika humo, mkutano wa kijiji unafanyika humo, kliniki ya chanjo inapofika kitongojini hupata kivuli humo. Aliyekaa mbele kabisa, karibu na nguzo, mara nyingi ni mzee, mgonjwa au mama mwenye mtoto mchanga, kwa sababu hao ndio tunaowapa kivuli kwanza. Kwa hiyo turubai likiondoka, wanaoumia ni wale wale tuliotaka kuwastahi.

Nitakueleza nililoliona. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Septemba, nilikuwa msibani katika kijiji kimoja cha Ngara, kwenye mgongo wa kilima. Turubai lilikodiwa, likaletwa asubuhi na vyuma vyake, na sisi vijana wa wakati ule ndio tuliolisimamisha. Kamba zilikuwa sita. Mbili tulizifunga kwenye migomba. Moja tuliifunga kwenye pikipiki iliyoegeshwa hapo. Mbili zilifungwa kwenye miguu ya benchi lililokaliwa na watu. Ya mwisho niliifunga mimi mwenyewe kwenye kigingi cha mti mbichi kilichoingia ardhini kiasi cha shibiri moja. Asubuhi nzima turubai lilisimama vizuri na hakuna aliyelitazama tena.

Ilipogonga saa tisa alasiri, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, vumbi liliinuka barabarani chini ya kilima na hewa ikawa ya baridi ghafla. Upepo ulipofika, turubai lilijaa kama tumbo. Kigingi changu kilitoka kama karoti. Migomba miwili ilivunjika kwa pamoja, na pikipiki ikalala ubavu. Kisha turubai zima likainuka juu, na nguzo za chuma zikaning'inia hewani zimeshikiliwa na kitambaa chake. Nguzo moja iliporudi chini ilimpiga bibi mmoja begani, ikamvunja mtulinga. Alikuwa amekuja kumzika mdogo wake. Tangu siku ile sijawahi kukaa chini ya turubai bila kutazama kwanza kamba zake zimeshikwa na nini.

Sasa, msikilizaji, kosa letu lilikuwa nini? Kosa la kwanza lilikuwa la fikra. Tulidhani kazi ya kamba ni kuzuia turubai lisianguke. Turubai halianzi kwa kuanguka. Huruka kwanza, kisha ndipo huanguka. Upepo ukipita chini ya kitambaa husukuma kwenda juu, na ule unaopita juu yake hukimbia kasi na kukinyonya kwenda juu vile vile. Nguvu hizo mbili zinakwenda upande mmoja, mbinguni. Ndivyo bati linavyong'oka kwenye paa la darasa, na ndivyo bawa la ndege linavyobeba ndege. Kwa hiyo nguzo nene peke yake haisaidii. Nguzo imewekwa kubeba uzito unaoshuka, na upepo unaleta uzito unaopanda. Kinachopambana na uzito unaopanda ni kamba, kigingi na mzigo ulio ardhini.

Tuchukue hesabu kidogo, maana hesabu hii ikikaa kichwani hutafunga tena turubai kwenye mgomba. Chukua turubai la mita 4 kwa mita 5, ambalo eneo lake ni mita za mraba 20. Upepo wa kilomita 20 kwa saa, ule unaotikisa majani na vitawi vidogo, ukilipata turubai hilo kwa uso wake wote unalisukuma kwa nguvu ya takriban kilo 40. Mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kulishika. Upepo ukifika kilomita 40 kwa saa, nguvu haiwi kilo 80. Inakuwa kilo 150 hivi. Ukifika kilomita 80, ni takriban kilo 600. Kila kasi ya upepo inapozidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nne. Hii ndiyo sababu turubai lililosimama imara tangu asubuhi linaweza kuondoka kwa pigo moja la alasiri. Kasi imeongezeka kidogo machoni petu, lakini mzigo kwenye kamba umeongezeka mno.

Na ile kasi ya kilomita 40 kwa saa siyo kimbunga cha mbali. Wanaosikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wameisikia mara nyingi: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa. Ukiwa huna kipimo, tazama miti. Vumbi na karatasi vikianza kuinuka na vitawi vidogo kutikisika, upepo uko kati ya kilomita 20 na 28. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, umefika 30 na zaidi. Matawi makubwa yakitembea na mwavuli wa mkononi ukawa mgumu kuushika, umevuka 40. Miti mizima ikiyumba na ukaona shida kutembea kuuelekea, umevuka 50, na hapo hakuna mtu anayepaswa kuwa chini ya turubai.

Upepo wetu una tabia zake. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kina upepo wa mfululizo, mkavu, unaotimua vumbi la moramu siku nzima. Huo unachosha turubai polepole: unalipigapiga, unalisugua kwenye vyuma, unafumua nyuzi. Upepo wa hatari zaidi ni wa Septemba na Oktoba, mvua zinapoanza. Ardhi imeota jua tangu asubuhi, wingu limejikusanya mchana, na mvua ikianza kumwagika ndani ya wingu huburuta hewa ya baridi kuishusha chini. Hewa hiyo ikigonga ardhi hutawanyika kila upande, na hutangulia mvua yenyewe kwa dakika chache. Ndiyo maana pigo la upepo hufika pakiwa bado pakavu. Dalili ya mvua ni mawingu, Waswahili wamesema. Dalili ya upepo wa namna hii ni ubaridi wa ghafla mchana wa joto, vumbi linalokuja kama ukuta, na upepo unaogeuza upande. Ukiona hayo, una dakika, huna saa.

Wilaya hizi zina historia ndefu na turubai kuliko sehemu nyingi za nchi yetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakikimbia nchi iliyokuwa inaungua. Wakapokelewa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Kilima ambacho juzi kilikuwa malisho kikawa mji mkubwa kuliko miji yote ya mkoa wetu wa Kagera, na mji huo haukuwa na tofali wala bati. Ulikuwa na fito, nyasi na karatasi za plastiki. Wageni wetu waliziita shitingi, na jina hilo bado utalisikia mipakani hadi leo. Sisi tuliziita maturubai ya UNHCR, lile shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi.

Msikilizaji, fikiria kazi iliyokuwapo. Familia imefika na watoto, imepewa kipande cha plastiki, na masika hayajaisha. Miti ya karibu ilikatwa kwa fito na kuni, na miezi ilivyopita vilima vya kuizunguka kambi vikabaki wazi, na upepo ukapata njia isiyo na kizuizi. Katika hali kama hiyo watu hujifunza haraka. Kibanda kilichokaa siku nyingi kilikuwa kifupi, mgongo wake umeelekezwa upande upepo unakotoka, na kingo za plastiki zimefukiwa kwenye mtaro mdogo na kushindiliwa udongo. Kibanda kirefu kilichosimamishwa kwa haraka kilikwenda usiku wa kwanza. Desemba 1996 Wanyarwanda wale walirejeshwa kwao, Warundi wa kambi ya Lukole wakabaki miaka mingine kadhaa, na kambi zikafungwa. Plastiki nyingi zilibaki vijijini, zikawa vyoo, mazizi, na vichanja vya kuanikia maharage. Ujuzi wa kuzifunga ndio uliostahili kubaki zaidi.

Nitakupa ujuzi mmoja wa kambini ambao haukugharimu hata shilingi. Plastiki ikitobolewa kwa msumari na kamba ikapitishwa kwenye tundu, siku ya upepo tundu hilo huchanika hadi ukingoni. Badala ya kutoboa, chukua kokoto laini, ya mviringo, yenye ukubwa wa limau. Iweke upande wa ndani wa plastiki, kama shibiri moja kutoka ukingoni. Ikunje plastiki iizunguke kokoto, kisha funga kamba shingoni mwa kile kifundo kilichojitokeza. Sasa vuta. Kadiri unavyovuta, kamba inazidi kukaba kokoto, na nguvu inagawanyika kuzunguka shingo nzima badala ya kukaa kwenye tundu moja. Hata turubai jipya lenye matundu ya pete za chuma, pete zikisha kung'oka, linaokolewa kwa kokoto. Tahadhari ni moja tu: jiwe lisiwe na kona kali, maana litakata kitambaa lenyewe.

Walimu wengine wa kazi hii wako barabarani usiku huu. Ni matingo wa malori yanayopita Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo na Kabanga, yakipeleka mizigo Rwanda na Burundi. Turubai la lori linapambana na upepo wa kilomita 70 au 80 kwa saa kila siku ya kazi, na upepo huo unatengenezwa na mwendo wa lori lenyewe. Simama kando ukamtazame tingo anavyofunga. Kamba amekwisha kuitupa juu ya mzigo, na ncha ya upande wa pili imefungwa kwenye ndoano ubavuni mwa bodi. Upande wake, kwenye usawa wa kifua, anaikunja kamba na kutengeneza kitanzi kabla ya kufika nchani. Ncha anaipitisha chini ya ndoano, anairudisha juu, anaipenyeza kwenye kile kitanzi, kisha anaivuta kwenda chini kwa uzito wa mwili wake wote. Kamba inalia. Kitanzi kimefanya kazi ya kapi, na nguvu ya mikono yake imeongezeka. Halafu anabana kamba kwa dole gumba isirudi, na anamalizia kwa fundo la kukunja, lile linalofunguka kwa kuvuta ncha mara moja. Fundo hilo halilegei njiani, na siku ya hatari halihitaji kisu.

Tena utaona wengi wao wanaongeza ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya tairi. Ukanda huo una akili kubwa. Upepo hauji kwa nguvu moja, huja kwa mapigo. Kamba isiyonyumbuka hupokea kila pigo kama nyundo, na nyundo hiyo hufika moja kwa moja kwenye kigingi. Mpira hunyooka, hulainisha pigo, kisha hurudisha turubai mahali pake. Huko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya kuna familia zinazokwenda likizo zikikokota nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya gari, na wakifika hutandaza kivuli cha turubai ubavuni mwake. Shida yao na upepo ni kama yetu. Nao hupitisha ukanda mpana juu ya turubai lote kutoka upande huu hadi ule, mwisho wa ukanda wakaweka springi, na mwisho wa springi kigingi. Tingo wa Nyakanazi kwa mpira wa tyubu amefika pale pale walipofika wao.

Tuje kwenye kigingi, maana hapo ndipo msiba wetu ulipoharibika. Kigingi kizuri kwa ardhi yetu ni nondo ya milimita 12 au 16, iliyokatwa urefu wa sentimita 60 hadi 75, na kukunjwa kichwani ili kamba isichomoke. Kiangazi udongo wetu mwekundu ni mgumu kama tofali, basi anza tundu kwa mtarimbo kisha malizia kwa nyundo. Usikipige wima. Kilaze, kichwa kiangalie mbali na turubai na ncha ielekee chini ya turubai, ili kamba ikivuta ikutane na udongo badala ya kukuta njia ya kutokea. Kamba ifungwe chini kabisa, inapogusa ardhi. Ukiifunga kichwani, umeupa upepo mkono wa kung'olea kigingi chako. Na kigingi kikae mbali: nguzo ikiwa na urefu wa mita mbili, kigingi kiwe mita mbili au zaidi kutoka mguuni mwake. Kamba iliyosimama karibu na wima inavuta kigingi kutoka ardhini. Kamba iliyolala inakikandamiza udongoni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi husahau. Kigingi kilichopigwa asubuhi kwenye udongo mkavu hakina nguvu ile ile jioni udongo ukilowa. Mvua na upepo huja pamoja, kwa hiyo ardhi hulegea saa ile ile unapoihitaji zaidi. Kama udongo ni wa kichanga au umelimwa, piga vigingi viwili kwa kila kamba, cha nyuma kimeunganishwa na cha mbele. Au zika nanga: chimba shimo la nusu mita, laza humo gogo au jiwe lililofungwa kamba katikati, fukia na kushindilia. Shughuli ikidumu siku tatu, kama msiba, nanga ya kuzikwa ina thamani ya kila tone la jasho.

Na tafadhali, usifunge kamba kwenye mgomba. Mgomba si mti. Shina lake ni majani yaliyokunjana yakajaa maji, na mkulima yeyote wa Kagera anajua kwamba mgomba wenye mkungu wenyewe unategemezwa kwa mti usianguke. Utauombaje msaada ukushikie turubai? Usifunge kwenye pikipiki, usifunge kwenye benchi, wala usimwambie kijana ashike kamba kwa mikono. Tumeona hesabu: kilo 150. Kijana ana kilo 60.

Sasa niseme na wewe wa mwavuli: wakala wa fedha kwa simu pale stendi, mama wa ndizi na nyanya, fundi wa simu. Wewe huna ruhusa ya kupiga kigingi kwenye lami, kwa hiyo utategemea uzito. Chukua ndoo ya lita 20. Ukijaza maji, umepata kilo 20. Ukijaza mchanga mkavu, umepata kilo 30 na kitu. Ukijaza zege, umepata karibu kilo 48. Kivuli cha miguu minne cha mita tatu kwa tatu kinahitaji kushikwa na kilo zipatazo 68 ili kupambana na kilomita 40 kwa saa, na hiyo ni bila akiba. Ndoo ya zege kila mguu inakupa akiba hiyo. Kwa mwavuli wa mguu mmoja, tairi kuukuu lililojazwa zege na bomba kusimikwa katikati ni msingi mzuri kuliko mawe matatu yaliyoegemezwa. Kiroba cha mchanga nacho kinafaa, ila kifungwe kwenye mguu, kisiwekwe tu juu ya kikanyagio, kwa sababu mwavuli ukiinuka kidogo kiroba huteleza na kubaki chini peke yake. Na ukienda kunywa chai, ukunje. Mwavuli usio na mtu ni mkuki unaosubiri upepo.

Kuna suala la pazia za pembeni. Wengi wetu jua likitupiga tunashusha pazia upande mmoja tu, mara nyingi nyuma ya wageni. Kama upepo unaingia kwa mbele ulipo wazi na kukuta ukuta nyuma, turubai limekuwa mfuko. Hewa inaingia, inakosa pa kutokea, inapanda juu. Siku ya upepo, ama ziba upande upepo unakotoka na uache upande wa pili wazi, ama ondoa pazia zote upepo upite. Jifunze kwa jani la mgomba. Jani lile huchanika vipande vipande kufuata mistari yake upepo unapozidi, na kwa kuchanika huko hupunguza nguvu inayolifikia shina. Mgomba hupoteza sura ya jani ukabaki na mkungu.

Mvua nayo ina mzigo wake. Milimita moja ya mvua juu ya mita za mraba 20 ni lita 20, yaani ndoo nzima. Turubai lililotandazwa bapa likalegea katikati linatengeneza bwawa, na bwawa la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita tano lina kilo 50. Upepo ukizitikisa kilo 50 hizo, nguzo hupinda. Kwa hiyo weka mwinuko wa kutosha, nguzo ya kati ndefu kuliko za pembeni, kitambaa kikaze kama ngoma, na maji yapate njia. Kukaza huko kunasaidia pia siku ya upepo mkavu, maana turubai linalopigapiga ndilo linalochanika.

Baada ya yote hayo, msikilizaji, nina neno moja ninalotaka libaki nawe hata ukisahau mengine. Ufundi wote wa kamba una mwisho. Kuna upepo ambao haushindwi kwa kigingi, na mbele ya upepo huo mwenye busara hushusha turubai. Tatizo letu ni kwamba hakuna mtu mwenye mamlaka ya kulishusha. Mwenye msiba ana huzuni, mchungaji yuko katikati ya ibada, mshereheshaji ana maikrofoni, mwenye turubai amekwisha lipwa na kuondoka. Kila mtu anaona vumbi linakuja na kila mtu anangoja mwenzake aseme.

Basi ninaomba mambo matatu. La kwanza, kamati ya shughuli, ikishagawa kazi za maji, kuni na viti, iteue watu wawili wa turubai. Kazi yao ni kuzunguka kamba zote kila baada ya saa moja, kukaza zilizolegea, kutazama upande wa mawingu, na kuwa na ruhusa ya kusema "tokeni" bila kumwomba mtu. Wakisema, watu wainuke: wazee na watoto kwanza, waende kwenye nyumba ya karibu, wasisimame chini ya mti. Kukiwa na ngurumo, waondoke mapema zaidi, kwa kuwa nguzo za chuma juu ya kilima si mahali pa kusubiria radi. Mafundo yafunguliwe kwa kuvuta ncha, kitambaa kishushwe chini na kulaliwa na viroba.

La pili, ninyi mnaokodisha maturubai mijini Ngara na Biharamulo, na kwenye vituo vyote vya barabara kuu, msikodishe kitambaa na vyuma pekee. Kodisheni na nondo zake, kamba zake, na mtu mmoja anayejua kuzifunga. Bei ipande kidogo, tutalipa. Hesabuni gharama ya mtulinga mmoja uliovunjika, muone kama nondo nane ni ghali.

La tatu ni lako wewe unayenisikiliza. Kesho au keshokutwa utaalikwa mahali. Ukifika, kabla ya kukaa, zungusha macho ufuate kamba moja kutoka juu hadi inapoishia. Ikiwa imeishia kwenye mgomba au kwenye benchi, usinyamaze. Mwite kijana mmoja, chukueni nyundo, pigeni kigingi. Bibi yule wa kilimani alipona baada ya miezi mingi, lakini hakuweza tena kushika jembe kwa mkono ule. Kilichohitajika kumwokoa kilikuwa nondo chache, kila moja yenye urefu wa mkono mmoja, na robo saa ya kazi yetu asubuhi ile.